Blenda ya wati 1500 iliyokuja na wati 350, na siku 23 za kudai pesa yangu

Wacha nianze na nyota, ili mwenye haraka apate jibu lake aende. Blenda yenyewe naipa nyota 1. Usafirishaji nyota 4, manake mzigo ulifika siku ileile waliyosema. Huduma yao ya kurudisha bidhaa na kurudishiwa pesa nyota 2, na hizo 2 ni za dada mmoja wa kastoma kea, lau si yeye wasingepata hata moja. Jina la duka silitaji, pesa ya blenda washanirudishia na sina haja ya kumharibia mtu biashara yake, lakini njia niliyopita mpaka pesa ikarudi nataka niieleze yote, manake nilipokuwa katikati ya huo mvutano nilitafuta mtu aliyeandika kwa Kiswahili kitu cha kunisaidia nikakosa, nikapata vipande vipande tu vya Kiingereza cha mawakili.

Mimi nauza juisi. Niko Mombasa upande wa Kisauni, ukwaju, embe, pesheni, tende kwa maziwa, na anayejua biashara hii anajua Ramadhani ndo msimu wenyewe, jioni moja ya mfungo nauza kuliko siku nne za kawaida. Blenda yangu ya zamani ilikufa wiki 2 kabla ya mwezi kuandama. Sasa kwenda mjini kuzunguka maduka sikuwa na siku ya kupoteza, nikaingia kwa apu ya hilo duka usiku nikiwa nimelala kitandani, nikaona blenda imeandikwa wati 1500, mota ya shaba, inasaga barafu, jagi 2, waranti mwaka 1. Bei shilingi 4,799, usafirishaji 350, jumla 5,149. Nikataka kuchagua kulipa mzigo ukifika lakini kwa bidhaa hiyo hawakuweka hiyo njia, ni kulipa kwanza. Nikalipa kwa M-Pesa, Paybill ya duka, yaani namba yao ya biashara ya kupokea malipo, sms ikaingia nikalala. Na hapa niseme kitu kimoja nilichofanya ambacho baadaye kiliniokoa: nilipiga skrinshoti ya lile tangazo zima kabla sijalipa, picha, maelezo, bei, kila kitu. Nilizoea kufanya hivyo kwa sababu shoga yangu anauza mitumba ya mtandaoni na yeye ndo alinifunza, aliniambia tangazo hubadilishwa, leo liko hivi kesho liko vingine. Na kweli, wiki iliyofuata nilipoingia tena maneno ya wati 1500 yalikuwa yametolewa.

Mzigo ukaja Alhamisi mchana. Raida hakutaka kungoja nifungue, akasema yeye kazi yake ni kupeleka tu, nikamwelewa ana mizigo mingine kumi nyuma ya pikipiki. Nikaweka simu kwenye dirisha inarekodi, nikakata seloteipu, nikatoa kila kitu mbele ya kamera. Kwa macho haikuwa mbaya. Nikasaga embe, sawa. Jioni nikaweka barafu, mota ikaanza kuguna ile sauti ya mtu anabeba gunia linalomzidi, barafu ikabaki mapande mapande. Nikasema labda nimejaza sana, nikapunguza. Ijumaa asubuhi kufika jagi la tatu harufu ya kuungua ikajaa jikoni mpaka mama mkwe akatoka chumbani akauliza, "Mwanangu, waya gani unaungua?" Nikaitoa kwenye umeme, nikaipindua. Chini kuna kikaratasi kidogo cha fedha kimeandikwa 220-240V, 50Hz, 350W. Wati 350! Tena stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, haipo pahali popote, si kwenye boksi si kwenye mwili.

Nikapiga picha ya hicho kikaratasi na siku hiyohiyo nikawaandikia kwenye chati ya apu. Sikungoja. Hili ni muhimu kwa sababu ukikaa na kitu wiki tatu unakitumia halafu ndo uje useme kibovu, hata sheria yenyewe inakuona umeshakikubali.

Jumamosi nikaibeba mpaka kwa fundi Mwembe Tayari, mzee mmoja ananitengenezea vitu vyangu toka zamani. Nikamwambia mzee wangu, nataka unipimie, usinifungulie, manake ikifunguliwa watasema mimi ndo niliyeiharibu. Akachukua kile kipimo chake cha kubana kwenye waya, akatia barafu kidogo akaiwasha, ikasoma ampea 1.4. Akanifanyia hesabu kwenye kipande cha karatasi: volti 240 mara 1.4 ni wati 336. Akaniambia ingekuwa kweli wati 1500 ingevuta ampea 6 na zaidi. Akaniandikia hayo kwenye kitabu chake cha risiti, akapiga muhuri, akataka shilingi 100 tu. Karatasi ile ya shilingi 100 ndo iliyoniwezesha kuzungumza na hawa watu wakanisikiliza, kwa sababu kabla yake nilikuwa nasema "haina nguvu" na wao wananijibu "pole kwa usumbufu". Ukienda na namba hawana pa kukimbilia.

Jumapili wakajibu. Nanukuu kama ilivyokuja: "Mpendwa mteja, kulingana na sera yetu bidhaa za umeme zikishatumika hazirudishwi. Tafadhali wasiliana na kituo cha waranti." Nilisoma nikakasirika sana, si kwa ajili ya pesa peke yake, ni kwa vile walivyoona mimi sina la kusema. Sasa blenda utaijuaje haisagi barafu bila kuweka barafu? Ningeiangalia kwa macho ikanipa jibu?

Basi usiku huo nikakaa na binti wa jirani anayesomea sheria hapa chuoni, tukafungua sheria zenyewe. Na nilichokuta ndo sababu ya kuandika haya yote. Kenya kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, ya zamani toka enzi za mkoloni, na inasema ukiuziwa kitu kwa maelezo basi kitu lazima kilingane na hayo maelezo. Mtandaoni kila kitu unauziwa kwa maelezo, hujakishika! Inasema pia kama hukukiona kitu kabla, huhesabiwi umekikubali mpaka upate nafasi ya kutosha ya kukikagua kuona kama ndicho mlichokubaliana. Kuweka barafu siku ya kwanza na ya pili ndo kukagua kwenyewe. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, hiyo inahesabu kusema uwongo kuhusu ubora au sifa ya bidhaa kuwa ni biashara isiyo ya haki, na inasema haki ilizokupa huwezi kunyang'anywa kwa mkataba, yaani hata kama ulibonyeza "nakubali vigezo na masharti" kurasa arobaini hukuzisoma, zile haki bado ni zako. Na juu ya zote kuna Katiba ya 2010, kifungu cha 46, mtumiaji ana haki ya bidhaa ya ubora unaofaa, ana haki ya kupewa habari za kutosha, na ana haki ya kulipwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Nilijua Katiba inazungumzia ardhi na uchaguzi, kuwa ndani yake kuna mambo ya blenda yangu sikuwa najua.

Kwa hivyo yale maneno tunayoyaona yamebandikwa kila duka, "mali ikiuzwa hairudishwi", kwa kitu kibovu au kitu kilichosemwa kingine kikaletwa kingine, hayana nguvu tunayodhani yanayo. Yana maana ukiwa umenunua kitu kizima halafu ukabadilisha nia. Hapo ndo muuzaji anaweza kukukatalia.

Na watu wengi tunachanganya hapa, wacha nikae kidogo. Binamu yangu yuko Birmingham, yeye anaagiza viatu pea tatu anajaribu nyumbani anarudisha mbili na wala hatoi sababu, manake Uingereza ukinunua mtandaoni una siku 14 toka mzigo ukufikie za kusema sitaki tena, ndo sheria, na Ulaya nako ni siku 14 hivyohivyo, ukiacha vitu kama ulivyotengenezewa kwa kipimo chako au vinavyooza. Akanisikia nalalamika akaniambia "warudishie tu, si una siku 14". Kwetu haiko hivyo. Sheria yetu ya 2012 inagusa mikataba ya mtandaoni, lakini kwa namna nyingine: muuzaji anatakiwa kukupa habari zinazohitajika kabla hujanunua na nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa na kusahihisha makosa, asipofanya hivyo unaweza kuvunja mkataba mpaka siku 7 baada ya kupata nakala yake. Na kama hakukupa nakala ya mkataba kwa maandishi kama inavyotakiwa, una siku 30 toka mlipokubaliana. Kwa hivyo ukimwambia muuzaji wa Nairobi "nina siku 14 za bure" atakucheka na atakuwa na haki. Siku ambazo duka lenyewe limeandika kwenye sera yake, 7 au 15 au ngapi, hizo ni ahadi ya duka na zisome kabla hujalipa. Ila kitu kikiwa kibovu au si kile kilichotangazwa, hapo hutegemei ahadi ya duka, unategemea sheria. Ni mambo mawili mbalimbali na maduka yanapenda tuyachanganye.

Nikawajibu. Safari hii wakageuza, wakasema sawa, tunakupa vocha ya shilingi 4,799 ununue kitu kingine kwenye apu. Vocha! Nakiri kwa nusu saa niliifikiria, Ramadhani iko karibu nataka blenda. Lakini nikaangalia kwenye apu blenda nyingine zote zilizoandikwa wati kubwa kwa bei hiyo ni za muuzaji yuleyule, yaani ningetoa vocha nikaletewa kikaratasi kingine cha 350W. Na vocha ilikuwa na mwisho wake, siku 30. Pesa niliyowapa mimi haikuwa na siku 30, ilikuwa pesa. Nikawaandikia nimekataa vocha, nataka rifandi kwa namba ileile ya M-Pesa iliyolipa. Kama duka limeniuzia kitu si chenyewe na nimekikataa kwa wakati, mimi nadai hela yangu, vocha ni hisani yao na naweza kuipokea au kuiacha. Ukibonyeza "kubali" kwenye ile vocha ndo basi tena, umeshakubaliana nao suluhu nyingine.

Na waranti vilevile. Walikuwa wananisukuma kwa kituo cha waranti, kiko Nairobi Industrial Area, niitume kwa gharama zangu, itengenezwe kwa siku 21. Itengenezwe nini? Fundi hawezi kuitengeneza mota ya 350 ikawa ya 1500. Waranti ni ya kitu kilichoharibika baadaye, haiondoi haki yako ya kukataa kitu ambacho toka siku ya kwanza hakikuwa kile mlichokubaliana.

Wakaja na la tatu: sawa tutarudisha pesa, lakini mteja ndo anayelipa usafiri wa kurudisha, shilingi 600. Huyu binti wa jirani Mungu ambariki, akanionyesha kwenye ile Sheria ya Mauzo ya Bidhaa kuna sehemu inasema mnunuzi aliyekataa bidhaa akiwa na haki ya kuikataa halazimiki kuirudisha kwa muuzaji, inatosha amjulishe kuwa ameikataa, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Tukasoma sera ya duka mstari kwa mstari, imeandikwa kuwa mteja atalipa usafiri "akibadilisha nia". Kwa bidhaa isiyolingana na maelezo haikusema kitu. Basi nikawaambia blenda iko kwenye boksi lake, imefungwa, iko mlangoni kwangu, njooni mchukue. Nakushauri kabisa ukiwa kwenye hali hii isome sera yao vizuri kuliko wao, mara nyingi hata yule anayekujibu kwenye chati hajaisoma, ana majibu ya kunakili.

Siku ya 8 bado wananizungusha, kila nikiingia kwenye chati ni mtu mwingine, naanza hadithi upya. Nikaacha chati. Nikaandika barua moja kwa imeili, fupi, kwa heshima, bila matusi. Nikataja namba ya oda, tarehe, namba ya muamala wa M-Pesa, nikasema mlitangaza wati 1500 mkaleta wati 350, nikaambatisha skrinshoti, video, picha ya kikaratasi, karatasi ya fundi. Nikataja sheria zote mbili na kifungu cha 46. Nikawapa siku 7 za kazi. Nikasema zikipita nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, manake hao kazi yao ni pamoja na kulinda watumiaji na kupeleka malalamiko kwao hakuna malipo, halafu nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo hapahapa Mombasa. Na hiyo mahakama watu wengi hawaijui. Imewekwa na sheria ya 2016, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, unajisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kwa mtu aliyeuziwa friji au simu au kochi la mtandaoni la elfu 40, hiyo ni njia ya kweli kabisa, si ya matajiri.

Baada ya siku 2 akanipigia simu yule dada. Akajitambulisha, akaniita mama, akaniambia amesoma faili lote toka mwanzo na ameona picha ya kikaratasi, akasema neno ambalo kwa siku 10 hakuna aliyelisema: "Mama, hapa kosa ni letu." Nilinyamaza kwanza. Unajua mtu ukishindana siku zote hizo unaanza kujishuku wewe, labda kweli nilijaza barafu sana. Akatuma raida kesho yake kuchukua mzigo bila malipo, na nikamwambia raida anisainie kuwa kachukua, na nikapiga picha tena boksi likiwa kwenye pikipiki. Msimpe mtu mzigo wa kurudisha bila karatasi, tafadhali. Ukipotea njiani utaambiwa haukufika.

Halafu ikawa kimya cha "ukaguzi". Siku 7 mzigo uko ghalani unakaguliwa. Ramadhani imeingia, mimi nasagia kwa blenda ndogo ya mama mkwe, jagi moja dakika ishirini, wateja wanangoja adhana iko karibu, wengine wanaondoka. Hiyo hasara hakuna aliyenilipa na sikuidai, ingawa ile Katiba inazungumzia fidia ya hasara. Siku ya 19 ikaja sms, rifandi imekubaliwa shilingi 4,079. Nikapiga hesabu, wamekata asilimia 15, "ada ya kurudisha bidhaa ghalani". Nikampigia yule dada moja kwa moja, nikamwambia dadangu, hii ada imeandikwa wapi? Na kosa mlishakubali ni lenu. Akasema ngoja. Siku ya 23 zikaingia 4,799 kamili, kwenye M-Pesa, saa 3 asubuhi.

Kuna waliokuwa wananiambia kwa nini hukurudisha ile pesa ya M-Pesa mwenyewe siku ya kwanza, si unatuma ile sms kwa 456. Wale wa 456 wapo kwa pesa iliyokwenda kwa mtu siye, umekosea namba. Wewe umelipa kwa duka ulilokusudia, ugomvi wenu ni wa bidhaa, hapo si pake. Aliyelipa kwa kadi ya benki yeye ana nafasi nyingine, anaweza kuiandikia benki yake apinge malipo kwa sababu bidhaa haikuja au si ile, na benki ikafuatilia kupitia kampuni ya kadi, lakini asichelewe, huko kuna muda wake. Kwa sisi wa M-Pesa ushahidi ndo kila kitu. Na ukinunua kwa wale wa Instagram na Facebook angalia unalipa wapi. Ikiwa ni Till au Paybill jina la biashara linatokea na una pa kuanzia. Ikiwa ni "tuma kwa namba hii ya mke wangu" halafu baada ya kulipa umeblokiwa, sheria zote nilizotaja bado zipo lakini utamshtaki nani, hujui jina wala duka liko mtaa gani. Kwa hao mimi silipi mpaka nione mzigo, na raida asipokubali nifungue mbele yake basi arudi nao.

Na kwa sababu ninafanya biashara nitasema na upande wa pili, kwa haki. Wapo wateja wanaonunua gauni Alhamisi, wanalivaa harusini Jumamosi, Jumatatu wanalirudisha linanuka jasho na pafyumu wanasema saizi siyo. Shoga yangu imemfika mara nyingi na hasara ni ya kwake, hana ghala wala mawakili. Huo ni wizi na haki ya mtumiaji haikuwekwa kwa ajili hiyo. Ndo maana nasema tofauti ya kitu kibovu na kubadilisha nia tuijue vizuri, tukiitumia vibaya tunawapa hawa wakubwa kisingizio cha kutufungia mlango wote tuliodhulumiwa kweli.

Nikirudi kwa tathmini yenyewe. Kwa hilo duka ningenunua tena? Vitu vya bei ndogo, sabuni, vyombo vya plastiki, ndio, bei zao nzuri na mizigo inafika. Kitu cha umeme hapana, mpaka waanze kuhakikisha wanachoandika wauzaji wanaowapangisha nafasi kwenye apu yao. Hawawezi kuchukua kamisheni kwenye blenda halafu ikija na namba za uwongo waseme sisi ni apu tu. Pesa nililipa kwenye Paybill yao, risiti ina jina lao. Pia wakubali kuwa mteja akituma picha ya kikaratasi cha chini inayopingana na tangazo, hiyo ni dakika 5 za kazi, si siku 23. Na yule dada wampandishe cheo, nasema kwa dhati, alifanya kwa simu moja kile ambacho watu sita walishindwa kwenye chati.

Blenda mpya nilikopa shilingi 6,500 kwenye chama chetu cha kukopeshana kabla hata rifandi haijaingia, nikaenda mjini mwenyewe, duka la kawaida la vyombo vya umeme karibu na Digo Road. Nilikwenda na barafu kwenye chupa ya chai. Nikamwambia kijana wa duka, mwanangu, washa hapa hapa nione, na kwanza nipindulie nisome chini. Akapindua, wati 1000, na boksi limeandikwa wati 1000. Akasaga barafu mbele yangu ikawa kama theluji ya friza, na stika ya KEBS ipo. Mpaka leo inafanya kazi kila siku.

Kuna shilingi 350 za usafirishaji wa kuja ambazo hawajanirudishia. Nimewaandikia, nikawaambia kama bidhaa haikuwa ile niliyolipia, basi hata kuniletea hawakuniletea nilichoagiza, na hiyo nayo ni hela yangu. Walijibu juzi kuwa wanalifanyia kazi. Wakilipa nitarudi kuongeza nyota moja.